Kitabu kilicho mbele ya mlango: Ziwa Tanganyika na somo la ikolojia

Kila mwaka Novemba inapokaribia, watahiniwa wa kidato cha nne hukesha wakikariri. Katika Biolojia na Jiografia hukutana na mada ambayo wengi huiona nyepesi wakati wa kuisoma na nzito wakati wa kuijibu, nayo ni uhusiano wa viumbe na mazingira yao. Fasili wanazijua kwa moyo, tena kwa lugha ya kigeni. Lakini swali linapodai maelezo pamoja na mfano, kalamu husimama. Mfano unaokumbukwa ni ule ule wa vitabuni: nyasi huliwa na panzi, panzi huliwa na chura, chura huliwa na nyoka, nyoka huliwa na mwewe.

Kwa kijana wa Kigoma, Ujiji, Kibirizi au Ilagala, hali hii ni sawa na mtu anayeomba maji ya kunywa hali amesimama mtoni. Mbele ya mlango wake liko ziwa ambalo wanasayansi wa dunia husafiri safari ndefu kuja kulisoma. Takriban kila dhana ya ikolojia inayoulizwa katika mtihani ina mfano wake hapo, na mifano hiyo inajulikana na baba yake mvuvi na mama yake anayeanika dagaa, ingawa wao hawaiiti kwa majina ya darasani.

Makala haya yamekusudiwa kusomwa na mwanafunzi pamoja na mzazi wake. Faida yake haiishii katika chumba cha mtihani. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, 2024, swali moja liliingia katika nyumba nyingi za mwambaoni: je, riziki ya Mwenyezi Mungu inaweza kuisha hata iwekewe kufuli? Swali hilo ni la dini na la sayansi kwa pamoja. Anayezielewa vyema dhana zifuatazo ataweza kulijibu kwa adabu na kwa hoja.

Viumbe nao ni umma

Ikolojia ni elimu ya uhusiano baina ya kiumbe na kiumbe, na baina ya viumbe na vitu visivyo hai vinavyowazunguka. Mwanafunzi aanze kwa kuzitenga ngazi zake, kwa kuwa hapo ndipo wengi huchanganya. Mgebuka mmoja ni kiumbe mmoja. Migebuka yote iliyomo katika eneo fulani kwa wakati mmoja ni kundi la spishi moja. Migebuka, dagaa, kuhe, kaa, konokono na mwani wakichukuliwa kwa pamoja ni jamii ya viumbe. Jamii hiyo ikijumlishwa na maji, mwanga wa jua, upepo, joto, mawe na madini yaliyoyeyuka majini, huitwa mfumo wa ikolojia.

Muislamu hapaswi kuiona fikra hii kuwa ngeni. Katika Suratul An'aam, aya ya 38, Qur'ani Tukufu inawataja wanyama wa ardhini na ndege warukao kuwa ni umma mfano wetu. Umma una wanachama wake, nafasi zao na mategemeo yao. Anayesoma jamii ya viumbe anasoma habari za umma huo.

Mfumo wetu si mdogo. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 673 na eneo la kilomita za mraba zipatazo 32,900. Kina chake hufika mita 1,470, na kwa sababu hiyo ni la pili kwa kina duniani baada ya Ziwa Baikal la Urusi. Linagawanywa na nchi nne: Tanzania, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Zambia. Mito ya Malagarasi na Rusizi huleta maji, na mto Lukuga huyatoa upande wa Kongo. Hata hivyo sehemu kubwa ya maji yanayoondoka hupanda angani kwa mvuke, na Lukuga huchukua sehemu ndogo tu. Mwanafunzi azingatie maana yake: mvuke hupanda safi, na uchafu hubaki. Kinachotupwa katika ziwa hili hukaa humo kwa muda mrefu mno.

Kutoka mwani hadi sahani ya wali

Uhai wa ziwa huanza na mimea midogo isiyoonekana kwa macho, ielelayo karibu na uso wa maji. Hiyo ndiyo inayoitwa planktoni ya mimea. Hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula kwa njia ya usanisinuru, na kwa hiyo huitwa wazalishaji. Wanyama wadogo sana waeleao majini, yaani planktoni ya wanyama, huila mimea hiyo. Wao ni walaji wa kwanza. Dagaa huwala wanyama hao, na hivyo ni walaji wa pili. Mgebuka humla dagaa, naye ni mlaji wa tatu. Mwanadamu anayekula mgebuka kwa wali amekaa juu yao wote. Huo ndio mnyororo wa chakula.

Kwa kuwa mwanadamu hula dagaa pia, na ndege wa majini hula samaki wa aina nyingi, minyororo hukatizana na kuunda utando wa chakula. Mtihani ukiuliza kwa nini utando ni imara kuliko mnyororo, jibu ni kwamba mlaji mwenye vyakula vingi hafi njaa kimoja kikipungua.

Sasa tutazame nishati. Kila ngazi hutumia sehemu kubwa ya nishati yake kwa kuishi, kuogelea na kuzaa, na nyingine hupotea kama joto. Vitabu hukadiria kwamba takriban asilimia 10 tu ndiyo inayofika ngazi ya juu yake. Tuchukue hesabu ya mfano: kilo 10,000 za planktoni ya mimea hulisha kilo 1,000 za planktoni ya wanyama, hizo hulisha kilo 100 za dagaa, na dagaa hao hulisha kilo 10 za migebuka. Hesabu hii yaonyesha kwa nini ziwa huweza kutoa dagaa wengi kuliko migebuka, na kwa nini dagaa amekuwa kitoweo cha wasio na uwezo. Yaonyesha pia kwamba mwani ukipungua chini, upungufu hupanda ngazi zote hadi juu.

Wavuvi wa dagaa wanaitumia elimu hii kila usiku. Mchana planktoni ya wanyama hushuka kwenye maji ya chini yenye giza, na usiku hupanda juu kula. Dagaa huifuata, naye mgebuka humfuata dagaa. Mvuvi huwasha taa, zamani karabai na siku hizi taa za betri na za sola, na mwanga huo huwakusanya dagaa pamoja. Lakini mwezi ukiwa mpevu, mwanga wa taa hauna nguvu tena, kwa sababu ziwa zima limeangaziwa. Ndiyo maana wavuvi hupumzika siku kadhaa za mbalamwezi. Mapumziko hayo huangukia zile zile siku nyeupe za tarehe 13, 14 na 15 za mwezi wa Kiislamu, ambazo ni sunna kuzifunga. Kabla ya sheria yoyote ya serikali, kila mwezi samaki walikwisha kupewa siku za kupumua.

Nishati hupita, virutubisho huzunguka

Sentensi ya kichwa hiki mwanafunzi aiweke akilini. Nishati huingia kwa jua, hupanda ngazi za chakula na kupotea kama joto, wala hairudi. Virutubisho, mfano naitrojeni na fosforasi, havipotei hivyo. Kiumbe akifa, bakteria na kuvu, ambao huitwa viozeshaji, humvunjavunja na kuvirudisha virutubisho katika mazingira ili wazalishaji wavitumie tena.

Hapa Ziwa Tanganyika lina siri yake. Viumbe wafao huzama, na kina ni kirefu. Virutubisho hujilimbikiza chini kwenye giza, mahali ambapo mwani hauwezi kuishi kwa kukosa mwanga. Juu kuna mwanga lakini virutubisho ni haba. Tena kuanzia kina cha mita 100 hadi 200 hivi kwenda chini, kutegemea mahali, maji hayana oksijeni, na samaki hawaishi huko. Hivyo katika ziwa lenye kina cha zaidi ya kilomita moja, samaki wote tunaowala wanaishi katika tabaka jembamba la juu.

Kwa nini maji ya juu na ya chini hayachanganyiki? Kwa sababu ya joto. Maji ya juu huwa na nyuzijoto 25 hadi 27 hivi, na ya chini kabisa 23 na kidogo. Tofauti ni ndogo, lakini maji ya moto ni mepesi na huelea juu ya yale ya baridi. Mzazi aweza kuonyesha jambo hili jikoni. Chukua bilauri ya maji baridi, kisha mimina chai ya rangi iliyo moto na isiyo na sukari, polepole, juu ya mgongo wa kijiko. Chai itatanda juu na maji yatabaki chini.

Kinachoyatikisa matabaka hayo ziwani ni upepo. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini huvuma kwa nguvu na kuyasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, upande wa Kigoma na Bujumbura. Upande wa kusini, karibu na Mpulungu nchini Zambia, maji ya chini yenye virutubisho hupanda kuchukua nafasi yake. Upepo ukitulia, ziwa huyumba kama beseni lililoinamishwa kisha likawekwa chini, na virutubisho hupanda upande wa kaskazini pia. Mwani hustawi, planktoni ya wanyama huongezeka, na dagaa hufuata. Mvuvi anayesema kuwa mavuno yana majira yake anasema kweli, na sababu ya majira hayo ni upepo.

Joto linapofunga mlango

Kila mfumo una kitu kinachoweka kikomo, yaani kile kilicho kichache kuliko mahitaji ya viumbe. Jangwani ni maji. Katika tabaka la juu la Ziwa Tanganyika mwanga upo na maji yapo, na kilicho haba ni virutubisho. Kwa hiyo chochote kinachozuia virutubisho kupanda kutoka chini hupunguza chakula cha ziwa zima.

Joto la dunia hufanya hivyo hasa. Gesi zitokazo katika viwanda, magari na misitu ichomwayo hunasa joto angani. Maji ya juu ya ziwa yakizidi kupata joto, huzidi kuwa mepesi, na upepo ule ule hushindwa kuyachanganya na ya chini. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti wao kuhusu ziwa letu. Walikadiria kuwa uzalishaji wa chakula cha msingi ziwani umepungua kwa takriban asilimia 20, na kwamba upungufu huo waweza kumaanisha samaki pungufu kwa asilimia 30 hivi. Mwaka 2016 watafiti wengine waliochunguza mashapo ya chini ya ziwa walionyesha kuwa mabaki ya samaki yalianza kupungua sambamba na kuongezeka kwa joto, kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara kuanza katikati ya karne ya 20.

Jambo hili linataka uadilifu. Si haki kumtwisha mvuvi wa Katonga dhambi yote ya samaki kupungua, hali gesi nyingi zimetoka katika nchi za mbali zenye viwanda. Lakini pia si sahihi kusema kuwa kwa kuwa joto limechangia, basi uvuvi hauna athari. Mgonjwa mwenye maradhi mawili huzidishiwa ugonjwa na kila moja. Ziwa linalozalisha kidogo huvumilia kuvuliwa kidogo.

Uwezo wa kuhimili

Kundi la viumbe likipata chakula, nafasi na usalama, huongezeka. Haliongezeki bila mwisho, kwani chakula hupungua, maradhi husambaa na maadui huongezeka. Idadi kubwa kabisa ambayo mazingira yanaweza kuilisha kwa muda mrefu bila kuharibika huitwa uwezo wa mazingira kuhimili.

Dagaa huzaa sana na maisha yake ni mafupi, mwaka mmoja hivi. Kundi lake hupungua haraka na kujirudisha haraka, ilimradi wabaki wazazi wa kutosha na watoto waachwe wakue. Kwa sababu hiyo kokoro linalokokotwa ufukweni ni hatari. Hukusanya wachanga waliokuja kujificha kwenye maji ya kina kifupi, na huvuruga viota vya samaki wengine mchangani. Chandarua cha mbu kinachogeuzwa wavu ni kibaya zaidi, kwa kuwa matundu yake hayamwachi hata aliyezaliwa juzi. Anayevua kwa chombo hicho anakula mtaji akidhani ni faida.

Kanuni ya uvuvi endelevu ni nyepesi kuitamka: kisivuliwe zaidi ya kinachozaliwa na kukua. Kufunga ziwa kwa miezi mitatu kulifuata makubaliano ya nchi zinazopakana nalo. Msingi wa ushirikiano huo ni Mkataba wa Usimamizi Endelevu wa Ziwa Tanganyika uliotiwa saini Dar es Salaam tarehe 12 Juni, 2003, na mamlaka yake ina makao Bujumbura. Samaki hawana pasipoti. Nchi moja ikifunga na nyingine ikivua, aliyefunga amemwekea jirani akiba.

Uwezo wa kuhimili unamhusu mwanadamu pia. Mei 2015, machafuko ya kisiasa nchini Burundi yalisukuma makumi ya maelfu ya watu hadi Kagunga, kijiji cha Kigoma kilichobanwa baina ya mlima na ziwa. Vyoo havikutosha na maji ya kunywa yalitoka ziwani. Kipindupindu kilizuka, maelfu wakaugua na wengine wakapoteza maisha. Wageni hawakuwa na kosa na wenyeji waliwapokea, lakini mahali palizidiwa. Mwanafunzi akieleza tukio hilo atakuwa amegusa idadi ya watu, uchafuzi wa maji na magonjwa yaenezwayo kwa maji, kwa mfano mmoja wa kweli.

Mlima ukivuliwa nguo, ziwa hugharimika

Kaskazini ya mji wa Kigoma iko Hifadhi ya Taifa ya Gombe. Ilitengwa kuwa pori la akiba mwaka 1943 na kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Ilipata umaarufu kwa utafiti wa sokwe ulioanzishwa Julai 1960 na Jane Goodall, aliyefariki Oktoba 2025. Eneo lake la nchi kavu ni dogo, kilomita za mraba 35 hivi. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990, aliyeiangalia kutoka angani aliona kisiwa cha msitu kilichozungukwa na vilima vilivyokatwa miti. Makazi ya wanyama yakikatwa vipande hivyo, makundi hutengana na kudhoofika. Mwaka 1994 taasisi ya Goodall ilianzisha mradi wa TACARE, ukitambua kuwa msitu hauwezi kuhifadhiwa iwapo wanavijiji wanaouzunguka hawana kuni, maji wala kipato.

Mti hufanya kazi nyingi kwa ziwa. Majani hupunguza kishindo cha mvua, mizizi hushika udongo, na maji hupenya ardhini polepole. Mlima ukiwa mtupu, mvua ya masika hubomoa udongo na kuutelemsha ziwani. Tope huzuia mwanga na kuyafunika mawe ya ufukweni, na mawe hayo ni makao ya utajiri usio na kifani. Ziwa lina zaidi ya spishi 200 za samaki wa jamaa ya sato, na karibu zote hazipatikani kwingine duniani. Kila spishi ina kazi yake na nafasi yake. Wako wanaokwangua mwani juu ya mawe, wako wanaokula magamba ya samaki wenzao, na wako wanaoishi na kutaga ndani ya makombe matupu ya konokono. Wingi huo wa aina ndio uitwao bioanuwai, na mgawanyo huo wa nafasi ndio unaowawezesha kuishi pamoja bila kumalizana.

Utajiri wa namna hii hupotea kwa urahisi. Jirani yetu Ziwa Victoria lilikuwa na mamia ya spishi za furu. Sangara aliingizwa humo katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Alipoongezeka sana miaka ya 1980, spishi nyingi za furu zilitoweka, huku uchafuzi wa maji nao ukichangia. Sangara alileta biashara kubwa, lakini furu waliotoweka hawarudi. Huo ndio mfano bora wa athari za spishi ngeni.

Kutenga eneo ili viumbe wapumzike si jambo lililoletwa na wazungu. Mtume wetu (s.a.w.) aliitenga Madina kuwa haram ambayo miti yake haikatwi na wanyama wake hawawindwi, na akalitenga eneo la Naqi' kuwa hima, yaani malisho yaliyolindwa. Wanazuoni waliendeleza mlango huo katika fiqhi kwa karne nyingi.

Ufukwe unaohama

Wazee wa Ujiji wanajua kuwa maji hayakai mahali pamoja. Livingstone na Stanley walipokutana hapo mwaka 1871, mji ulikuwa karibu na maji. Leo kumbukumbu yao iko mbali na ufukwe. Wakati ule mdomo wa mto Lukuga ulikuwa umezibwa na mimea na udongo, na ziwa lilijaa. Mnamo mwaka 1878 kizuizi kilipasuka, na katika miaka iliyofuata maji yalishuka takriban mita 10. Ardhi mpya ikajitokeza.

Ardhi tupu haikai tupu. Kwanza huota nyasi na mimea yenye kuvumilia mchanga, kisha vichaka, kisha miti, kila kundi likiliandalia udongo kundi linalofuata. Hatua hizo huitwa urithishano wa viumbe. Tangu mwaka 2020 hivi maji yamepanda tena na kufunika nyumba na majengo ya ufukweni. Aliyesoma habari ya Lukuga hatashangaa, na atafikiri mara mbili kabla ya kujenga ukingoni.

Je, riziki huisha?

Sasa turudi kwenye swali la nyumbani. Mzee anaposema kuwa riziki ni ya Mwenyezi Mungu (S.W.), amesema haki, wala mtoto asimjibu kwa dharau kwa kuwa amesoma. Lakini Mwenye kuruzuku ndiye aliyeweka sababu, na ndiye aliyetaja mizani katika Surat Rahman na kukataza kuipunguza. Nabii Yusuf (a.s.) hakuna aliyemzidi imani katika zama zake. Alipojulishwa kuwa itakuja miaka saba ya ukame, hakusema kuwa riziki haiishi. Aliagiza nafaka ihifadhiwe katika mashuke yake na watu wale kidogo, hata shida ikapita. Kupumzisha ziwa ili dagaa wazae ni katika mlango huo huo wa kuweka akiba.

Pamoja na hayo, hoja ya mzee ina upande wa pili unaostahili kusikilizwa. Ziwa likifungwa, anayeumia kwanza si tajiri mwenye mitumbwi mingi. Ni kibarua anayelipwa kwa mgawo wa usiku, na mama anayenunua dagaa kwa mkopo, akawaanika na kuwauza. Hifadhi isiyowafikiria hao huzaa wizi wa usiku. Hapa jamii ya Waislamu ina wajibu ulio wazi: zaka na sadaka zielekezwe kwa kaya hizo katika miezi ya kufungwa, na vikundi vya kuweka akiba vianzishwe misikitini kabla ya Mei. Kuanika dagaa juu ya vichanja badala ya mchangani nako hupunguza wanaoharibika, na dagaa asiyeoza ni dagaa aliyeongezeka bila kuvuliwa.

Kwa mtahiniwa

Swali likitaka ueleze dhana, fuata hatua nne: toa fasili, eleza inavyotokea, taja mfano wenye mahali na jina, kisha onyesha athari yake kwa viumbe na kwa watu. Elewa kwanza kwa Kiswahili, halafu andika kwa lugha ya mtihani. Maswali yafuatayo yajibiwe nyumbani, mzazi akisikiliza:

1. Chora utando wa chakula wa Ziwa Tanganyika wenye viumbe wasiopungua sita. Mgebuka wote wakiondoka, idadi ya dagaa na ya planktoni itabadilikaje?

2. Eleza kwa nini kukata miti katika vilima vya Kigoma huweza kupunguza samaki ufukweni.

3. Upepo wa kusini ukivuma kwa udhaifu mwaka mmoja, mvuvi wa Kibirizi atapata athari gani, na kwa nini?

4. Taja sababu mbili za kupungua kwa samaki. Ni ipi iliyo katika uwezo wa wakazi wa mwambaoni, na ipi inahitaji mataifa ya dunia?

5. Muulize mzazi au jirani mvuvi: ni samaki gani walikuwa wengi utotoni mwake na sasa ni adimu? Andika jibu lake, kisha lifafanue kwa dhana mbili ulizojifunza.

Swali la tano halimo katika mtihani wowote, lakini mwanafunzi alianze hilo. Atagundua kuwa mzee asiyejua neno ikolojia amebeba kumbukumbu za miaka 50 za ziwa, na mzee atagundua kuwa mtoto anayehangaika na daftari anasoma jambo linalohusu chungu cha nyumbani. Mwenyezi Mungu (S.W.) awafungulie watahiniwa wetu, na atujaalie kuwa waangalizi wema wa amana hii.

Wallahu a'lam.